Kuku Aliyekwisha Kuiva kwa Chakula cha Jioni: Ulinganisho kwa Wazazi Wafanyakazi wa Dar es Salaam

Mzazi anayetoka kazini Posta saa 11 jioni na kuishi Mbezi, Bunju, Chanika au Kibada anaijua hesabu hii bila kufundishwa: akifika nyumbani ndipo aanze kumkatakata kuku, kumchemsha na kumuunga, watoto watakula huku wanasinzia, na madaftari ya kazi za shule hayatafunguliwa. Kwa sababu hiyo kuku aliyekwisha kuiva amekuwa sehemu ya kawaida ya jioni za jiji hili, na wanaomuuza wako kila kona: banda la chipsi, jiko la mkaa nje ya baa, mashine inayozungusha kuku mlangoni mwa supamaketi, mama anayepika kwa oda mtaani, na migahawa yenye majina ya kimataifa. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mzazi anayetaka kuchagua miongoni mwa hao kwa siku za kazi. Kuku wa sherehe na wa matembezi ya Jumapili ana vigezo vyake vingine.

Nyumbani kwetu tunakula watano: mimi, mume wangu, watoto wawili wa shule ya msingi na dada anayetusaidia kazi. Nimekwisha kununua kuku wa kila aina niliyoitaja, na kwa muda mrefu niliwapima kwa ladha na kwa bei iliyoandikwa ubaoni. Niliacha kupima hivyo baada ya jioni moja ya mwezi Machi. Nilinunua kuku wa kukaanga karibu na ofisi saa 10 na nusu, mvua ikanyesha, Barabara ya Morogoro ikasimama, nami nikafika nyumbani saa 2 kasoro robo usiku nikiwa nimempakata kwenye mfuko wa kaki uliokwisha kulowa mafuta. Tulimla vilevile alivyo kwa sababu watoto walikuwa na njaa. Usiku huo mwanangu mdogo alitapika mara nne, na asubuhi daktari hakujali bei wala ladha, aliniuliza, "Mama, huyo kuku alitoka kwenye moto saa ngapi?" Sikuwa na jibu, kwa kuwa sikuwa nimemuuliza muuzaji.

Tangu siku hiyo swali hilo ndilo mizani yangu, na mizani hiyo ina vitanga viwili: cha kwanza ni muda unaopita kati ya moto na mdomo, na cha pili ni gharama ya nyama inayoliwa kweli baada ya mifupa kutolewa. Ladha huja baada ya hapo.

Foleni ni sehemu ya mapishi

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe nje kwa zaidi ya saa mbili, na kwamba kinachosubiri kuliwa kiwekwe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi au baridi ya chini ya nyuzi 5, kwa kuwa kati ya vipimo hivyo viwili bakteria huongezeka kwa kasi. Mamlaka za usalama wa chakula za Marekani hupunguza muda huo uwe saa moja tu pale joto la hewa linapozidi nyuzi 32. Mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa kuwa kati ya Desemba na Machi joto la mchana hufika huko mara nyingi, na ndani ya daladala iliyojaa hali huwa ngumu zaidi.

Muda huo huanza kuhesabiwa pale kuku anapotoka jikoni, wala hausubiri mnunuzi alipe. Kuku aliyeshushwa saa 8 mchana, akakaa kwenye kabati la kioo lenye taa hadi saa 11, kisha akasafiri saa moja na nusu, ana saa nne na nusu mgongoni mwake hata kama wewe umekaa naye kwa saa moja na nusu tu. Taa ile ya kabati humfanya ang'ae, lakini ushahidi kwamba nyama imebaki juu ya nyuzi 60 ni mkono wako: ukimshika akiwa vuguvugu, ameshashuka chini ya kiwango. Tena, kumpasha moto nyumbani hakufuti yote, kwa sababu baadhi ya bakteria wanaoingia kupitia mikono ya mpishi huacha kwenye chakula sumu isiyoharibika kwa kuchemshwa.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza, ambao kwa maoni yangu una uzito kuliko uchaguzi wenyewe wa aina ya kuku, ni mahali pa kununua: mnunue mwishoni mwa safari. Kama unashukia Kimara, Mbezi Mwisho, Tegeta, Mbagala Rangi Tatu au Gongo la Mboto, tafuta muuzaji wako hapo, hata kama kuku wa mjini ana jina kubwa zaidi. Mabasi ya Mwendokasi yaliwapunguzia foleni wakazi wa njia ya Kimara yalipoanza mwaka 2016, lakini kusubiri kituoni na msongamano wa ndani ya basi havimfai kuku wa moto, wala havimfai abiria aliyesimama karibu na mfuko unaovuja mafuta. Anayelazimika kununua mjini abebe hotipoti aliyoisuuza kwa maji yaliyochemka, amuombe muuzaji ampe kuku anayetoka motoni wakati huohuo, na afunge mfuniko bila kuufungua njiani.

Kuku wa mashine na chipsi kuku

Hapa ndipo wazazi wengi husita, kwa kuwa wote wawili hupatikana haraka na wote wawili hupendwa na watoto. Nitakaa hapa kwa muda, maana tofauti zao hazionekani kwa kuangalia bei.

Kuku wa mashine, yaani yule anayezungushwa mzima mbele ya moto wa gesi au umeme, ana sifa moja ambayo wengine hawana: mnunuzi anamwona akiwa bado motoni. Unaweza kusimama, ukamwonyesha muuzaji kwa kidole yule aliye kwenye chuma cha katikati, na ukajua kwamba saa yako inaanza dakika hiyo. Aliyeshushwa na kufungwa kwenye foili juu ya meza ni kuku mwingine kabisa kwa hesabu ya muda, hata kama walikuwa kwenye chuma kimoja. Sifa ya pili ni kwamba hakuongezewa mafuta. Mafuta yake mwenyewe hudondoka kwenye trei, na ngozi hubaki kama mwavuli unaokinga kidari kisikauke. Kasoro yake ni chumvi. Kuku wengi wa mashine hulowekwa kwenye maji ya chumvi na viungo kabla ya kupikwa, na ngozi ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya viungo hivyo. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, na mtoto anahitaji pungufu ya hapo, kwa hiyo mimi huwavulia watoto ngozi na siongezi chumvi kwenye mboga zinazoandamana naye.

Tuje kwenye kitanga cha pili. Kuku wa kisasa aliyesafishwa mwenye kilo 1.3 hupoteza takriban robo ya uzito wake motoni, hivyo hufika mezani akiwa na karibu kilo moja, na baada ya mifupa kutolewa hubaki nyama ya nusu kilo au zaidi kidogo. Kwa walaji watano hiyo ni gramu 100 kila mmoja. Wapo wanaoona kuwa ni kidogo, lakini nyama ya kidari iliyoiva bila ngozi huwa na gramu 31 hivi za protini katika kila gramu 100, na mtoto wa miaka 4 hadi 8, kwa vipimo vinavyotumika Marekani, anahitaji takriban gramu 19 za protini kwa siku nzima. Kipande cha gramu 60 kinakaribia kumtosheleza kabla hata hujahesabu maharage, maziwa na uji aliokunywa asubuhi. Kwa maneno mengine, mzazi anayemnunulia kila mtoto robo kuku yake analipia nyama ambayo mwili wa mtoto haujaiomba, na mara nyingi nyama hiyo hurudi jikoni ikiwa imeng'atwang'atwa.

Chipsi kuku huuzwa kwa sahani, na hapo ndipo hesabu inapobadilika. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kuku mzima wa mashine ni shilingi 22,000 na sahani ya chipsi kuku ni shilingi 6,500. Sahani moja inaonekana rahisi, lakini sahani tano ni shilingi 32,500. Kuku mzima akiandamana na wali na mchicha vilivyopikwa na dada kwa shilingi 5,000 anakuwa shilingi 27,000, na mifupa inabaki kwa ajili ya supu. Weka bei za mtaa wako mahali pa hizi na urudie hesabu. Katika nyumba yenye walaji wanne au zaidi, mara nyingi kuku mzima hushinda, na katika nyumba ya mzazi mmoja mwenye mtoto mmoja, sahani moja kubwa ya kugawana hushinda.

Suala la mafuta ndilo linalonifanya niwe mkali kwa chipsi kuku. Katika mabanda mengi kuku huchemshwa kwanza kwa ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, kisha hukaangwa, huwekwa kwenye kabati, na mteja anapofika hutumbukizwa tena kwenye mafuta ili apate moto. Utaratibu huo una uzuri wake, kwa kuwa kuku aliyechemshwa vizuri hawezi kuwa mbichi ndani. Ubaya ni kwamba mafuta yaleyale huchemka tangu mchana hadi usiku, na mafuta yanayorudiwarudiwa huvunjika, huwa mazito, na hutoa misombo isiyofaa kwa afya. Huhitaji maabara ili kuyatambua: yakiwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, yakitoa povu dogodogo ambalo halitulii, yakifuka moshi kabla ya kitu kutumbukizwa, au harufu yake ikikuganda kwenye nguo, ondoka.

Kwa muuzaji wangu wa Kimara nimezoea kufika mapema kidogo. Wiki iliyopita nilimwambia, "Kaka, habari za kazi. Huyu ametoka kwenye mafuta saa ngapi?" Akanijibu, "Sasa hivi tu, mama." Nikamwomba anikaangie mwingine ambaye hajaguswa na mafuta, nikamwambia kwamba nitasubiri. Alicheka, akafunua sufuria iliyokuwa juu ya jiko la pili, mvuke wa tangawizi ukapanda hadi kwenye taa ya banda, akatoa mapaja mawili meupe yaliyochemshwa na kusema, "Basi hawa hapa, mama, dakika kumi." Dakika kumi zile ndizo tofauti kati ya kuku wa saa nane mchana na kuku wa jioni, wala hazikuniongezea hata shilingi moja. Muuzaji mwema haoni tabu kuulizwa. Anayekasirishwa na swali hilo amekwisha kukujibu.

Vifungashio navyo vina nafasi yake. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, mabanda mengi yamehamia kwenye mifuko ya kaki, foili na maboksi, lakini bado wapo wanaofunga kuku wa moto kwa gazeti, na wino wa gazeti hauna kazi yoyote kwenye chakula cha mtoto. Mimi hubeba bakuli langu lenye mfuniko. Kachumbari huiacha bandani, kwa kuwa ni mbichi na siyaoni maji yaliyoioshea nyanya. Nyumbani tunakata yetu kwa dakika tano.

Uamuzi wangu kati ya hawa wawili, kwa siku ya kazi yenye watoto mezani, ni kuku wa mashine anayeshushwa mbele yangu. Chipsi kuku nimeiachia Ijumaa, kwa banda ninalolijua, na kwa kuku ambaye hajapita kabatini.

Rangi nyekundu karibu na mfupa

Wazazi wengi hurudisha kuku au humtupa kwa sababu wameona wekundu karibu na mfupa wa paja, na wengine humkubali kuku asiyeiva kwa sababu nyama yake ni nyeupe. Rangi hudanganya pande zote mbili. Kuku wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki tano au sita hivi, mifupa yake bado ina vitundu vidogo vingi, na uboho unaweza kupenya na kuipaka nyama ya jirani rangi nyekundu iliyokolea hata baada ya kuiva sawasawa. Kipimo cha kweli ni joto la ndani kufika nyuzi 74 sehemu nene ya paja, na kipimajoto cha jikoni ni kifaa kidogo kinachostahili kuwa kwenye droo ya kila mzazi. Asiyekuwa nacho aangalie kama nyama inaachia mfupa kwa urahisi, kama maji yanayotoka ni angavu, na kama nyama imejipanga nyuzi nyuzi badala ya kuteleza na kuvutika kama utomvu. Kuku ambaye nyama yake inateleza na kuvutika hivyo arudi motoni, hata kama ngozi imeungua.

Hapo hapo niseme neno kuhusu hofu inayosikika mara kwa mara kwamba kuku wa kisasa hukuzwa kwa homoni. Ukuaji wake wa haraka unatokana na uteuzi wa mbegu kwa miongo mingi pamoja na chakula chenye nguvu. Jambo linalostahili kuulizwa ni dawa za kuua bakteria, kwa kuwa mfugaji anapaswa kusubiri siku kadhaa baada ya kumtibu kuku ndipo amuuze, na si kila mfugaji husubiri. Mwenye mashaka hayo anunue kwa muuzaji anayejua kuku wake wanatoka kwa nani.

Kuku wa kuchoma

Kuku wa mkaa ana ladha ambayo mashine haiifikii, na katika mitaa ya Kisutu na Upanga, ambako kuku wa sekela huchomwa barabarani jua likizama, ni vigumu kupita bila kusimama. Kwa siku za kazi, hata hivyo, ana matatizo mawili. La kwanza ni kusubiri: kuku wa kienyeji aliyechemshwa kabla huhitaji dakika ishirini juu ya wavu, na anayeanza akiwa mbichi huhitaji zaidi ya nusu saa, muda ambao mzazi mwenye haraka huufupisha kwa kumwambia mchomaji akoleze moto. Matokeo yake ni nje makaa, ndani mbichi. La pili ni mahali: majiko mengi mazuri yako kwenye baa, na kumkalisha mtoto wa darasa la pili kwenye kiti cha baa saa 1 usiku, muziki ukiwa umefunguliwa, si jambo ninalolipendekeza.

Anayemtaka kuku huyo apige simu kabla, aagize aliyechemshwa kwanza, na amchukue akipita. Sehemu zilizoungua hadi kuwa nyeusi zikatwe, kwa kuwa mafuta yanapodondokea makaa na nyama inapoungua hutengenezwa misombo inayohusishwa na saratani. Sehemu ya kahawia haina tatizo hilo kwa kiwango hicho.

Mama wa oda

Huyu ndiye ninayemtetea kwa nguvu zangu zote, na kwa bahati mbaya ndiye asiyekuwa na bango. Karibu kila mtaa una mama anayepika nyumbani kwake na kupokea oda kwa simu: kuku wa nazi, kuku wa kupaka, rosti, pilau ya kuku. Faida yake kubwa ni kwamba muda wa moto mnaupanga wenyewe. Unamwandikia saa 5 asubuhi ukiwa kazini, "Shikamoo mama, naomba kuku wa nazi wa watu watano, nitapita saa 1 jioni," unamtumia nusu ya malipo kwa simu, na hotipoti yako imelala kwake tangu jana. Unapopita, sufuria bado inachemka. Hakuna mashine wala kabati linaloweza kushindana na utaratibu huo.

Mchuzi wenyewe una heri zake. Kuku hupikwa kwa kuchemka, kwa hiyo joto humfikia hadi ndani. Chumvi na pilipili hupungua kwa kuomba tu. Mchuzi hufidia ule uchache wa nyama, kwa maana kuku mmoja wa nazi huwalisha saba pale ambapo kuku mmoja wa kuchoma huwagombanisha wanne. Swali la nani amechinja, ambalo kwa familia za Kiislamu ni sharti na kwa majirani zao wengi limekuwa heshima ya kawaida kwa wageni, hujibiwa na mtu anayejulikana badala ya kubahatishwa kwenye kaunta.

Kasoro zake ni za kibinadamu. Akiuguliwa hapiki, akipata oda ya msiba yako husogezwa, na asiyeagiza kabla ya adhuhuri hapati kitu. Kwa kuwa jiko lake haliko wazi kwa wateja, mpya kwake aende mara moja mchana aone: maji ya kunawa yako wapi, kisu cha kuku mbichi na cha kachumbari ni kimoja au ni viwili, na nyama inasubiri wapi kabla ya kupikwa. Kunawa na kutenganisha kibichi na kilichoiva ndiko kunakozuia Salmonella na Campylobacter, bakteria wawili wanaoandamana na kuku mbichi duniani kote. Usiagize kwa bodaboda kama umbali unazidi nusu saa; mchuzi humwagika, na dereva hana sababu ya kuijua saa yako.

Waliobaki

Migahawa ya kimataifa kama KFC hufanya kazi kwa saa na vipimo, na hilo ni jema kwa upande wa kuiva. Upande mwingine ni unga mzito wa nje unaobeba mafuta na chumvi, bei ya juu kwa kila gramu ya nyama, na umbali kutoka mitaa mingi tunayoishi. Ni chakula cha siku ya mshahara.

Soseji na vipande vya kuku vya kugandisha visihesabiwe kuwa kuku wa kila siku. Soseji za kuku, kama nyama nyingine zilizosindikwa kwa chumvi na vihifadhi, zimo katika kundi ambalo wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulilitangaza mwaka 2015 kuwa linasababisha saratani. Anayenunua vipande vya pakiti aangalie tarehe na alama ya Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu 2019 ndilo lililokabidhiwa usalama wa chakula nchini, na asome kama vimekwisha kuiva au bado ni vibichi, maana kwa macho vinafanana.

Kuku aliyeiva wa friza yako

Aina ya mwisho ni ile unayojipikia kabla, na kwa nyumba yenye friza inayotegemewa hushindana hata na mama wa oda. Jumamosi asubuhi tunanunua kuku wawili au watatu sokoni Shekilango, wanachinjwa na kunyonyolewa hukohuko, na mchana wanachemshwa kwa tangawizi, kitunguu saumu na chumvi kidogo hadi waive kabisa. Wakishapoa, na kabla saa mbili hazijapita, wanagawanywa kwenye vyombo vifupi vyenye mlo mmoja mmoja: viwili vinakwenda kwenye friji kwa siku tatu au nne za mwanzo, vingine kwenye friza. Jioni ya Jumatatu dada anakaanga kitunguu na nyanya, anatia tui, anamtumbukiza kuku na mchuzi unachemka vizuri. Dakika ishirini zinatosha, na hakuna aliyesimama kwenye foleni. Chombo cha friza huhamishiwa kwenye friji usiku wa kuamkia siku ya kuliwa, hakiachwi mezani kiyeyuke, na kilichopashwa mara moja hakirudi tena.

Umeme ukikatika, friji iliyofungwa hulinda chakula kwa saa nne hivi. Friza iliyojaa hulinda kwa saa 48 na iliyojaa nusu kwa saa 24, mradi hakuna anayeifungua kuchungulia. Kwa hiyo mtaa ambao umeme hukatika mara kwa mara unafaa kujaza friza hata kwa chupa za maji, na mtaa ambao umeme hupotea kwa siku mbili haufai kwa njia hii kabisa.

Sasa kila nyumba ijipime. Mwenye walaji watano au zaidi, friza na msaidizi wa nyumbani aanze na kuku wa friza yake, na mama wa oda awe wa pili. Anayefika nyumbani bila msaidizi na kukuta watoto wamerudi shule aende kwa kuku wa mashine wa kituo anachoshukia, na wali uwe umechemshwa asubuhi na kuwekwa kwenye friji, si kwenye sufuria juu ya meza, kwa kuwa wali uliolala nje nao huumiza tumbo. Mzazi mmoja mwenye mtoto mmoja achukue paja na kidari kwenye banda analoliamini, vikaangwe mbele yake. Na nyumba isiyo na jokofu inunue vipande kwa idadi ya walaji waliopo jioni hiyo, bila kumwekea anayechelewa saa tano usiku. Huyo anunuliwe chake akiwa njiani, kutoka kwenye moto ambao bado unawaka.